Kioo cha Nyuma Kimepigwa Pasi

Tak!

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na najua wapo ambao wiki nzima wamekuwa wakijiuliza tak ile ilikuwa ya nini. Msomaji mmoja amenitumia ujumbe akisema ninamwonea Bwana Najua, kwamba mwanamume kujaribu kazi kwa mikono yake mwenyewe si dhambi. Mheshimiwa, ujumbe nimeupata. Soma ya leo mpaka chini, halafu unitumie mwingine.

Kwa waliochelewa, nitasema haraka. Bwana Najua ni karani wa masijala, yuko likizo, na hajawahi kuambiwa jambo akakosa kusema “najua”. Gari si lake. Ni la mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Usukani, dereva hodari aliyekaa miezi saba bila kazi. Leo kliniki ya macho inatafuta mtu wa kuwarudisha nyumbani wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Macho yaliyopasuliwa hayataki jua, kwa hiyo sharti la kliniki ni moja: kioo cha nyuma kiwe na tinti, na tinti iwe safi. Matroni anakuja nyumbani saa nane mchana kulikagua gari. Likipita, Mama Usukani anaanza kazi kesho. Lisipopita, kuna madereva wawili wanaongoja nafasi hiyohiyo.

Mama Usukani alimwambia mumewe maneno mepesi: peleka gari kwa Fundi Vioo, mtaa wa pili. Mumewe akaitikia vizuri kabisa. Kisha akanunua bunda la tinti dukani, akaliweka, na leo alfajiri akafunga lango la uani na kuanza kazi mwenyewe.

Kisa? Kwanza, alikuwa ametazama video ya dakika sita. Pili, Fundi Vioo ndiye aliyepeleka posa mara mbili kwa Mama Usukani, zamani, kabla Bwana Najua hajajulikana nyumba ile. Hiyo sababu ya pili hajamwambia mtu. Anadhani ni siri.

Basi, tak! Bwana Najua alikuwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti yamemfika kidevuni, drya ya nywele ya mkewe mkononi. Akafumba macho akingoja vipande vya kioo vimmwagikie. Akahesabu mpaka tano. Akafumbua jicho moja.

Kioo kizima. Iliyokufa ni drya. Ilitoa kimoshi, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza moja kwa moja.

“Afadhali,” akasema.

“Afadhali nini?” ikauliza sauti ya barazani.

Huyo ni mama mkwe wake. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye kiti cha plastiki na ungo mapajani, akichambua mchele ambao ulishakuwa safi tangu saa mbili na robo.

“Kioo hakikupasuka, Mama.”

“Na hiyo mashine ya nywele?”

“Imepumzika kidogo.”

“Kama bomba la bafuni,” akasema mama mkwe. Bomba hilo Bwana Najua alilitengeneza mwaka jana, na tangu siku ile nyumba nzima inaoga kwa ndoo.

Bwana Najua alikuwa anatazama kioo, na kioo kilikuwa kinamtia aibu. Kioo cha nyuma cha gari lile kimebinuka kama tumbo la chungu, na tinti ni kitu bapa. Kitu bapa hakivai tumbo bila ugomvi. Juu na chini ya kioo mikunjo ilikuwa imesimama, mingine minene kama vidole. Akibonyeza mmoja, unazama, unaibukia pembeni na mwenzake. Katikati kulikuwa na mapovu ya hewa yasiyohesabika.

Nitakwambia kosa lake sasa hivi, maana yeye mwenyewe alikuja kuambiwa saa tano. Tinti husinyaa kwa joto, lakini husinyaa upande mmoja tu, ule wa urefu wa bunda lake. Fundi huilaza kwa kuuzingatia urefu huo. Bwana Najua aliilaza kwa kukingama, kwa kuwa alipima akaona hivyo kitabaki kipande cha kuweka dirisha la jikoni. Ubahili wa upana wa mkono mmoja. Tena mikunjo huuliwa nje ya kioo kwanza, tinti ikishakaa sawasawa ndipo inahamishiwa ndani. Sehemu hiyo imo kwenye video. Bwana Najua aliiruka kwa sababu alidhani anaijua.

“Mama,” akaita, “pasi iko wapi?”

Mama mkwe aliacha kuchambua.

“Pasi ya nguo?”

“Joto ni joto, Mama.”

“Iko mezani, chumba cha kulia.”

Alipoingia ndani kuichukua, mama mkwe alitoa simu yake chini ya kanga, akasema maneno matatu, akairudisha. Bwana Najua hakuona. Alitoka na pasi, waya mrefu na taulo lililoloweshwa maji. Akalitandika taulo juu ya kioo kwa nje, akaanza kupiga pasi gari.

Ndiyo, ndugu zangu. Mtu mzima, mwenye cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, alipiga pasi kioo cha gari, akianzia kona ya kushoto, kwa uangalifu ule ambao hajawahi kuutumia kwenye shati lake mwenyewe.

“Ukimaliza hapo,” akasema mama mkwe, “tairi nazo zina mikunjo.”

Simu ikaita. Ilikuwa ya mkewe. Bwana Najua akaiacha pasi imekaa juu ya kioo, akapokea.

“Gari limetoka kwa fundi?”

“Fundi yuko hapahapa nyumbani, mke wangu. Anamalizia.”

“Umemwita nyumbani? Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

“Sikutegemea,” akasema Mama Usukani, na sauti yake ikalainika kwa namna ambayo Bwana Najua hakuwa ameisikia miezi mingi. “Ahsante. Najua haikuwa rahisi kwako.”

“Mambo madogo hayo.”

“Sasa sikia. Matroni hangoji saa nane. Ana upasuaji mchana. Tunatoka hapa kliniki saa sita kamili, tunakuja na gari lake. Nipe fundi nimwambie.”

“Umwambie nini?”

“Mpe simu, mume wangu. Neno moja tu.”

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu husema, mke wangu, nimekosa, hakuna fundi. Ingemalizika. Angefokewa, wangecheka baada ya wiki mbili, na mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia. Lakini Bwana Najua alihamisha simu sikio la pili, akakaza koo, akatoa ile sauti nzito ya pole ya Fundi Vioo, ambayo kwa miaka kumi na moja amekuwa akiiiga mezani kuwachekesha watoto.

“Ee, dada. Fundi hapa.”

Barazani, mama mkwe aliweka ungo chini.

“Fundi, mume wangu yuko karibu?” Mama Usukani alikuwa ananong’ona.

“Aah... ameingia ndani.”

“Kile kitu chetu umekuja nacho?”

Bwana Najua akaibana simu sikioni.

“Ninacho.”

“Basi nakuomba, asijue kimekuwepo tangu lini. Kitamuumiza. Unamjua alivyo.”

“Namjua,” akasema Bwana Najua, na sauti ya fundi ikataka kumponyoka.

“Hata mama sijamwambia. Ni mimi na wewe tu. Haya, tunakuja.”

Simu ikakatika. Bwana Najua akabaki ameishika sikioni. Kitu chetu. Tangu lini. Mimi na wewe tu. Wivu ambao alikuwa ameufungia stoo kwa miaka kumi na moja ukavunja mlango.

“Taulo lako linaungua,” akasema mama mkwe.

Aliruka, akainyakua pasi. Taulo lilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi kamili, na ndani ya kioo, mahali palepale, tinti ilikuwa imejikusanya ikawa ngumu na nyeupe. Akaivuta kwa kucha. Ikapasuka katikati, kutoka juu mpaka chini.

Saa tano kasoro dakika kumi. Hana tinti, hana drya, na kama simu ile ilisema kweli, huenda hana na mke.

Lango likagongwa.

“Karibu, mwanangu,” akasema mama mkwe bila kuuliza ni nani.

Aliyeingia alikuwa Fundi Vioo. Mkono mmoja alibeba mkoba wa vifaa, mkono wa pili alishika bomba refu la karatasi ngumu, lile la kuwekea michoro. Alikuwa mtu wa makamo asiye na haraka, mikono safi kama ya daktari.

“Nani kamwita huyu?” Bwana Najua akauliza.

“Mimi,” akasema mama mkwe. “Ulipoomba pasi. Nilisema, drya ni ujinga, lakini pasi ni ugonjwa.”

Fundi alisalimia, akalizunguka gari, akaweka kiganja kwenye kioo. Akakiondoa.

“Kioo kina joto. Kimefanywa nini?”

“Kimepigwa pasi,” akasema mama mkwe.

“Ya nguo?”

“Ya nguo.”

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za msiba wa mbali. “Asikimwagie mtu maji baridi. Kikishtuka kitamwagika chote, na hakuna wa kukiokota. Tukipe robo saa.”

“Hatuna robo saa,” akasema Bwana Najua. “Na kabla hujagusa gari la mke wangu, nijibu. Kuna kitu gani kati yako na yeye?”

Fundi akamtazama.

“Nani kakwambia kuna kitu?”

“Yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake. Kitu chenu, ambacho nisijue kimekuwepo tangu lini.”

“Mmh,” akasema fundi, akamgeukia mama mkwe kama anayeomba ruhusa. Mama mkwe akainua mabega. Hata yeye hakuwa na habari, na alikuwa na hamu kuliko mtu yeyote uani pale.

Fundi akafungua kifuniko cha bomba. Akavuta taratibu, ikatoka tinti. Si bunda, bali tinti iliyokatwa tayari, kona zimeviringwa, tumbo lake limeshafinyangwa kwa joto likakaa mviringo hewani bila kushikwa. Ilikuwa na umbo la kioo cha nyuma cha gari lile, kamili, haina mkunjo hata mmoja. Kwenye ngozi yake ya kubandua, ile ya plastiki inayolinda gundi, palikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta kwa kalamu ya wino: namba ya gari la Mama Usukani na tarehe.

Tarehe ya Jumanne ya wiki iliyopita. Siku ambayo Bwana Najua alileta bunda lake nyumbani na kulificha chini ya kitanda.

“Mke wako alilikuta bunda lako wakati anafagia,” fundi akasema. “Akaja karakana. Akaniambia, mume wangu anataka kujaribu mwenyewe, na mimi sitaki kumvunja moyo. Lakini kazi hii naihitaji. Wewe nitayarishie nyingine ukae nayo, nikikuita uje. Bahati nzuri gari kama hili nilikuwa nalo siku ile, nikafinyanga juu ya kioo chake. Ndicho hicho kitu chetu, ndugu yangu.”

Bwana Najua alitaka kucheka kwa sababu mkewe hakuwa na hawara. Kicheko hakikufika mbali. Maana yake ilikuwa imeanza kumwingia. Mkewe alijua. Jumanne alijua, Jumatano akamwandalia chakula akamsikiliza akieleza kwamba kioo si kitu, Alhamisi akamwambia “nakuamini”. Kumbe muda wote huo kushindwa kwake kulikuwa kumeshakatwa, kumeshafinyangwa, kumewekwa ndani ya bomba na kuandikwa tarehe.

Jambo hilo lilimuuma. Niacheni nimdhihaki kwa mengine, lakini hapa lilimuuma kwelikweli, na alikaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyeambiwa apishe wengine.

“Pole,” akasema mama mkwe. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akaongeza: “Zamani zile za posa, mimi nilimwambia amchukue fundi. Akasema anakutaka wewe kwa sababu unamchekesha. Na kusema kweli tumecheka.”

Fundi hakungoja zaidi. Kioo kilipopoa alianza. Alibandua makovu ya tinti ya Bwana Najua kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu na kipande cha plastiki, si wembe.

“Asubuhi ulikwangua tinti ya zamani kwa wembe?” akauliza kutoka ndani ya gari.

“Kidogo.”

“Nyuzi mbili za kuondoa ukungu umezikata. Siku ya mvua mke wako ataona nyuma vipande vipande. Hizo nitaziunga siku nyingine.”

Akalowesha kioo, akalowesha mikono, akabandua ngozi ya tinti, akaielekeza kwa vidole kumi kama anayemlaza mtoto mchanga. Ikakaa. Akapitisha mpira wa kukamulia maji kuanzia katikati kwenda pembeni, mara moja, mara mbili, maji yakakimbilia kingoni. Mapovu matatu yalijaribu ukaidi kona ya kulia. Akayapulizia hewa ya moto, yakaondoka.

Dakika thelathini na tano. Bwana Najua alizihesabu. Yeye alikuwa ameanza kazi ile saa kumi na mbili asubuhi.

“Ndiyo hivyo tu?” akauliza.

“Ndiyo hivyo tu,” akasema fundi, “ukishaharibu vioo arobaini. Mimi nilivyoharibu vya watu, nilivilipa kwa miaka miwili. Wewe umeharibu taulo.”

Yalikuwa maneno ya mtu mwema, na mtu mwenye shukrani angeyapokea. Bwana Najua aliyapokea kama kofi.

Nje ya lango gari likasimama. Milango miwili ikafungwa. Mama Usukani akaingia kwanza, sare yake ya udereva imepigwa pasi na mtu anayejua pasi ni ya nini. Aliona kioo. Aliona fundi anafuta mikono. Akamtazama mumewe, na katika macho yake mlikuwa na kitu ambacho Bwana Najua angekiona vizuri angekuwa na nafasi. Mke yule alikuwa anajivunia mumewe. Mtu wake amemwita fundi mwenyewe.

Nyuma yake akaingia Matroni, mwanamke mfupi mwenye viatu vyeupe na karatasi ya ukaguzi mkononi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akainama, akaangalia kioo kutoka kushoto, akaangalia kutoka kulia, akaingia ndani akakaa kiti cha wagonjwa na kufumba na kufumbua macho akielekea jua.

“Safi,” akasema akitoka. “Safi sana. Kipande kimoja, hakuna kiungo.” Kisha akamwona fundi, na uso ukabadilika. “Wewe. Si wewe uliyekataa gari langu mwezi uliopita?”

“Ni mimi, Matroni. Kioo chako kimebinuka mno. Nilikushauri vipande viwili, hukutaka kiungo.”

“Na mpaka leo sikitaki. Kumbe kipande kimoja kinawezekana. Hiki hapa ni nini? Au mimi si mtu?”

“Matroni, kile si kama hiki...”

“Sitaki maneno. Mtu anayenichagulia nani apate kazi nzuri na nani akose, simtaki karibu na kliniki yangu, wala kazi ya mikono yake siitaki.” Alikuwa ameshaanza kuikunja karatasi. “Kioo hiki amekifanya nani?”

Fundi akafungua mdomo. Mama Usukani akafungua wake. Lakini uani pale palikuwa na mtu mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa.

“Mimi,” akasema Bwana Najua.

Ujumbe wako sasa uko wapi, mheshimiwa msomaji?

Mwenyewe baadaye alijitetea kwamba alisema vile kumwokoa mkewe. Labda robo yake ilikuwa hivyo. Robo tatu nyingine ilikuwa ile tarehe kwenye plasta. Alitaka, kwa dakika moja tu, mbele ya mkewe na mbele ya mwanamume yule, awe ndiye.

“Wewe?” Matroni akamtazama kwa heshima mpya. “Wewe ni fundi?”

“Mimi ni karani. Lakini mikono haikosi kazi. Huyu alipita kunisalimia.”

Fundi Vioo akainama, akaanza kukunja waya wa mashine yake polepole. Mama mkwe aliokota ungo wake, na safari hii hakuchambua.

Matroni akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Bwana Najua. “Gari langu liko hapo nje. Anza nalo. Nina muda mpaka saa saba.” Akaikunjua tena karatasi, akatafuta kalamu. Kisha kalamu ikasimama hewani. “Ngoja kwanza. Mama, njiani umeniambia mume wako amemwita fundi. Umeniambia mara mbili, tena kwa furaha.”

Mama Usukani akamtazama mumewe.

“Yeye anasema amefanya mwenyewe. Wewe umesema fundi. Mmoja wenu amenidanganya.” Sauti yake haikupanda hata kidogo. “Nitawaambia kitu. Gari bovu nalivumilia. Dereva mchelewaji nitamfokea. Mwongo simchukui. Mgonjwa wangu amefungwa macho yote mawili. Ukimwambia tumefika, atashuka. Ukimwambia hakuna gari linalokuja, atavuka. Hana namna ya kuhakikisha. Sasa, ni nani?”

Bwana Najua alihisi ufunguo unampa joto kiganjani. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lilikuwa lilelile alilolitamka dakika moja iliyopita bila shida yoyote. Mimi. Akalitafuta, akalipata, akalileta mpaka kwenye meno. Pale likakuta fundi anamwangalia, likarudi.

Mama Usukani alimngoja. Alimngoja muda wa kutosha, mimi ni shahidi. Macho yake hayakumtoka mumewe, na taratibu kile kitu kilichokuwemo kikaondoka.

“Ni mimi, Matroni,” akasema. “Mume wangu amefanya mwenyewe. Mimi ndiye niliyekudanganya.”

Matroni aliitazama karatasi. Akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili, akaitia mkobani na kufunga zipu.

“Nimesikitika,” akasema. “Nilikupenda. Baba, wewe endelea na kioo, mikono yako nimeiona. Dereva nitamchukua yule wa pili kwenye orodha.”

Akavuta kiti cha plastiki barazani, akakaa kando ya mama mkwe, akatazama saa yake. Mama Usukani alivua kofia yake ya sare, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa, akaingia ndani ya nyumba. Mlango aliufunga kwa upole.

Uani wakabaki watu watatu wanaomtazama Bwana Najua, na mkononi mwake ufunguo wa gari la mtu.